HMS Havock: jinsi ya kusoma historia ya destroya ya kwanza ya Uingereza

Tangu mwishoni mwa 2023, habari za Bahari ya Shamu zimelirudisha neno destroya katika mazungumzo ya watu. Desemba mwaka huo HMS Diamond ya Uingereza (HMS ni herufi zinazotangulia majina ya meli za jeshi la majini la nchi hiyo) ilitungua droni iliyokuwa ikitishia meli za biashara, na tangu hapo kila mtu anaeleza kivyake destroya ni nini. Wapo wanaosema ndiyo meli kubwa kuliko zote za kivita. Wapo wanaodhani jina lake linatokana na kazi ya kuangamiza miji ya pwani. Na wapo wanaokwenda kutafuta habari za HMS Havock, destroya ya kwanza ya Uingereza, wakarudi na kisa cha meli iliyopigana Narvik, Norwei, mwaka 1940. Havock ya kwanza ilikuwa imeuzwa chakavu karibu miaka 28 kabla ya vita hivyo.

Havock hiyo ya kwanza haikupigana vita hata kimoja, na ndiyo sababu wengi huipita haraka: wanatafuta mizinga na ushindi, hawavikuti, wanafunga ukurasa. Wanakosea pa kutazama. Historia ya meli hii imo ndani ya boila zake (matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke wa kuendesha injini), kwenye sitaha yake ya mbele na kwenye bati lake jembamba. Mambo yaliyoisumbua na yaliyowasumbua ndugu zake ndiyo yaliyoiumba destroya tunayoijua leo.

Maneno machache kwanza

Manowari ni jina la jumla la meli za kivita. Nyambizi ni manowari inayokwenda chini ya maji. Destroya ni aina moja tu ya manowari za juu ya maji: ina kasi, inabeba silaha za aina kadhaa, na kazi yake kubwa ni kulinda meli nyingine. Torpedo ni silaha inayojiendesha yenyewe ndani ya maji, ikiwa na injini yake, rafadha yake na baruti kichwani. Noti ni kipimo cha mwendo wa meli: noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.85. Meli ya noti 26 inakwenda kilomita 48 kwa saa.

Jina kamili la destroya lilipoanza kutumika lilikuwa refu: mwangamizi wa boti za torpedo. Kilichokusudiwa kuangamizwa ni hizo boti. Miji haikuhusika. Maneno ya mwisho yalidondoka kadiri miaka ilivyopita, likabaki neno moja ambalo likisimama peke yake linatisha kuliko maana yake.

Hofu iliyoizaa

Mwaka 1866 mhandisi Mwingereza Robert Whitehead, akifanya kazi Fiume (leo Rijeka, nchini Kroatia), alionyesha torpedo ya kwanza inayojiendesha. Miaka kumi baadaye viwanda vya Thames vilikuwa vinaunda boti ndogo za kuibeba. Hesabu yake iliwanyima usingizi maadmirali: boti ya bei nafuu yenye watu wachache ingeweza kuja usiku na kuizamisha manowari ya chuma iliyogharimu fedha nyingi na kubeba mamia ya watu. Ufaransa, hasimu mkuu wa Uingereza baharini wakati huo, ilikuwa na maafisa walioamini kabisa njia hiyo, wakiongozwa na Admirali Théophile Aube, na ikaunda boti kwa wingi.

Hofu ikawa jambo la kweli Aprili 1891. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Chile, manowari ya chuma Blanco Encalada ilipigwa torpedo ikiwa imetia nanga katika ghuba ya Caldera, ikazama kwa dakika chache.

Waingereza hawakuwa wamekaa bure. Walijaribu meli za kati zilizoitwa boti za mizinga na torpedo, kuanzia HMS Rattlesnake ya 1886. Zilikuwa na silaha za kutosha, ila hazikuwa na mbio. Rattlesnake ilikwenda noti 19 hivi. Zile za kundi la Sharpshooter (kundi ni meli zilizoundwa kwa mchoro mmoja) zilizofuata zilikusudiwa kufikia noti 21, lakini boila zao zilishindwa kuwapa mvuke huo. Mwindaji asiyemfikia anayemwinda hana faida.

Katika majaribio ya miaka hiyo kulikuwa pia na meli kubwa kidogo zilizoitwa kruza za torpedo, na mojawapo tunaihusu sisi wa pwani. HMS Racoon, iliyoshuliwa (yaani kuteremshwa majini mara ya kwanza) 1887, ni mojawapo ya kruza hizo. Ndiyo hiyohiyo iliyokuwa bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, pamoja na Thrush, Sparrow, Philomel na St George, jumba la Sultani lilipopigwa mizinga wakati wa Sayyid Khalid bin Barghash. Wengine huandika kwamba Zanzibar ilipigwa na destroya za Waingereza. Hakukuwa na destroya hata moja pale. Kwenye kikosi kile Racoon ndiyo iliyokuwa na asili ya karibu zaidi na kazi ya torpedo, na hata hiyo ilikuwa na tani zaidi ya 1,700, mara saba ya uzito wa Havock.

Oda ya 1892

Februari 1892 Admirali John Fisher alishika wadhifa wa kusimamia uundaji wa meli katika Admiralty, ofisi kuu ya jeshi la majini la Uingereza. Alfred Yarrow, mwenye karakana ya boti huko Poplar, London, alimletea habari za boti mpya za Ufaransa na kumwambia anaweza kuunda kitu cha kuzikimbiza. Admiralty haikuchora meli hizo yenyewe. Ilitaja mahitaji, hasa kasi na silaha, kisha ikawaachia waundaji wenye uzoefu wa boti za kasi wachore. Oda zikagawanywa kwa karakana tatu: Yarrow aliunda Havock na Hornet, Thornycroft wa Chiswick akaunda Daring na Decoy, Laird wa Birkenhead akaunda Ferret na Lynx. Sita hizi ndizo zinazoitwa destroya za noti 26.

Hapa msomaji hukwama kwenye tarehe, maana meli moja ina mwaka wa kuzaliwa zaidi ya mmoja. Havock iliagizwa na kuwekwa mkuku (uti wa chini wa meli, unaoanza kuundwa kwanza) 1892, ikashuliwa Agosti 1893, ikafanya majaribio ya kasi Oktoba mwaka huohuo, na ikakamilika Januari 1894. Ukikuta ukurasa mmoja unasema 1892, mwingine 1893 na mwingine 1894, huenda yote mitatu iko sawa. Kinachotakiwa ni kujua kila mmoja unahesabu tukio gani. Wanahistoria wengi huitambua meli kwa mwaka wa kushuliwa, na ndiyo kawaida salama kuifuata.

Je, ilikuwa ya kwanza duniani? Hapana, au angalau si kwa urahisi huo. Hispania ilikuwa na Destructor, meli iliyoundwa Clydebank, Scotland, na kuanza kazi 1887 kwa lengo lilelile la kuwinda boti za torpedo. Japani ilikuwa na Kotaka, iliyoundwa na huyuhuyu Yarrow, ikasafirishwa vipandevipande na kuunganishwa Yokosuka. Wanaoitetea Havock wana hoja nyingine, na mimi naikubali: meli zilizokuja baada yake zilifuata mwili wake. Destructor ilibaki peke yake. Havock ilifuatwa na ndugu watano, kisha na destroya 36 za noti 27, kisha na nyingi zaidi za noti 30, ndani ya miaka minane hivi.

Kwa vipimo ilikuwa ndogo kushinda wengi wanavyofikiri: urefu mita 55 hivi, upana mita 5.6, uzito tani 240 ikiwa nyepesi. HMS Diamond ya leo ina urefu wa mita 152 na tani zaidi ya 7,000. Mzinga mkubwa wa Havock ulikuwa mmoja, wa milimita 76, uliowekwa juu ya jukwaa mbele, pamoja na mitatu midogo ya milimita 57. Ilikuwa na mabomba matatu ya kurushia torpedo. Mawili yalikuwa juu ya sitaha na yaliweza kuzungushwa, moja lilijengwa omoni, yaani kwenye ncha ya mbele ya meli, likitazama mbele.

Bomba la omoni lilikuwa kosa, na sababu yake ni rahisi. Lilirusha maji mengi juu ya sitaha kila meli ilipoongeza mwendo, na liliongeza uzito mahali ambapo meli nyembamba haiutaki. Baya zaidi, meli iendayo kwa kasi kubwa ingeweza kuifikia torpedo yake yenyewe kabla haijashika mwendo. Likaondolewa, na destroya zilizofuata zikaachana nalo.

Boila mbili, jaribio moja

Kama una muda wa kusoma kitu kimoja tu kuhusu Havock, soma boila zake. Yarrow aliunda meli mbili zinazofanana karibu kila kitu, halafu akaziwekea boila tofauti. Havock ilipewa boila mbili za aina ya garimoshi. Hornet ilipewa boila nane za mirija ya maji, ubunifu wake mwenyewe. Ni nadra kupata majaribio safi namna hiyo katika uundaji wa meli.

Katika boila ya garimoshi, moto na moshi hupita ndani ya mirija, na maji huizunguka mirija hiyo kwa nje. Mirija yote inashikwa na bamba nene la chuma karibu na tanuri. Kwenye reli mpangilio huu ulikuwa umefanya kazi vizuri kwa miongo. Baharini ulitiwa mateso mapya. Ili makaa yawake kwa ukali uliotakiwa, chumba cha boila kilifungwa kabisa, feni zikasukuma hewa ndani hadi shinikizo likapanda, na hewa hiyo ikapata njia moja tu ya kutokea: kupitia motoni. Waliotaka kuingia au kutoka walipita kwenye milango miwili mfululizo, mmoja ukifungwa kabla ya mwingine kufunguliwa. Feni ikisimama ghafla, moto uliweza kurudi nyuma na kutoka kwenye mlango wa tanuri hadi walipo wachochezi, yaani watu wa kutupa makaa motoni.

Sasa tazama lile bamba. Upande mmoja linalambwa na moto mkali, upande mwingine lina maji. Mchochezi anafungua mlango kutupa makaa, hewa baridi inaingia kwa nguvu ya feni na kulipiga. Bamba linasinyaa. Mlango unafungwa, linatanuka tena. Baada ya saa kadhaa za kusinyaa na kutanuka, midomo ya mirija inalegea pale ilipokazwa, na maji yanaanza kuvuja kuelekea motoni. Mvuke unapungua, kasi inashuka, na meli inarudi bandarini ili mafundi waingie na chombo cha kupanulia, waikaze upya midomo hiyo mmoja baada ya mwingine. Boti za kundi la Sharpshooter ziliangushwa na ugonjwa huu. Havock iliustahimili vizuri kuliko zile, lakini ilikuwa nao.

Boila ya mirija ya maji inageuza mpango: maji yako ndani ya mirija, moto uko nje. Katika ile ya Yarrow kuna pipa moja juu na mapipa mawili chini, na safu za mirija iliyonyooka zinayaunganisha. Ina maji machache kwa wakati mmoja, hivyo mvuke hupatikana haraka, na boila nzima ni nyepesi. Wataalamu wengi walidhani mirija iliyonyooka haiwezi kuvumilia kutanuka, wakataka iliyopinda. Yarrow alishikilia iliyonyooka, ambayo mtu anaweza kuichungulia kutoka ncha hadi ncha na kuisafisha.

Hornet ikaipita Havock: zaidi ya noti 27 dhidi ya noti 26 na ushei. Tofauti ya noti moja inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba karibu na kasi ya juu kila noti ya ziada inadai nguvu nyingi sana. Kwa makadirio, nguvu hupanda kwa mchemraba wa mwendo: ukitaka kwenda mara mbili, utahitaji nguvu mara nane. Tangu hapo mjadala ulikuwa umekwisha kwa upande wa destroya. Karibu na mwaka 1900 Havock yenyewe ilitolewa boila zake za awali na kuwekewa za mirija ya maji.

Mirija ya maji ilikuja na udhaifu wake, na huu uliwasumbua wahandisi wa meli kwa miongo. Mvuke ukishatumika kwenye injini hupozwa ndani ya kondensa ili uwe maji tena na kurudi kwenye boila. Kondensa inapozwa na maji ya bahari. Mrija mmoja wa kondensa ukitoboka, chumvi inaingia kwenye maji ya boila. Chumvi hiyo inaganda ndani ya mirija ya boila kama gamba, gamba linazuia joto kufika kwenye maji, chuma kinazidi kupata moto, kinalainika, kisha mrija unapasuka. Kwa hiyo kazi isiyoonekana ya kila siku ilikuwa kupima uchumvi wa maji na kuwahi tundu kabla halijawa kubwa.

Wachochezi nao walikuwa na ustadi wao. Makaa yalitupwa kidogo kidogo, mara kwa mara, ili moto ubaki mwembamba na sawa. Rundo kubwa likitupwa kwa mara moja lingezima sehemu ya moto na kutoa moshi mweusi, na kwa meli iliyokusudiwa kuwinda usiku, moshi na cheche kwenye dohani zilikuwa tangazo. Makaa mabaya yaliacha madonge ya majivu yaliyoyeyuka na kuganda kwenye wavu wa tanuri. Yasipovunjwa na kutolewa, hewa ilikosa pa kupita.

Noti 26, lakini lini na wapi?

Kosa kubwa la wasomaji wengi ni kuichukua kasi ya majaribio kama kasi ya meli. Ni sawa na kuipima bodaboda mpya ikiwa haina abiria wala mzigo, kwenye lami tupu asubuhi, halafu kudai itakwenda vilevile ikiwa na watu wawili na gunia la mkaa kwenye barabara ya matope. Destroya za mwanzo zilijaribiwa bahari ikiwa shwari, zikiwa na mzigo mdogo na makaa yaliyochaguliwa, zikichochewa na watu wa karakana wenye ujuzi wa hali ya juu. Mjenzi alikuwa na sababu ya kujitahidi, maana kasi ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba.

Upimaji wenyewe ulikuwa wa uaminifu. Wajenzi wa Thames walitumia maili iliyopimwa ya Maplin, karibu na mdomo wa mto. Meli ilipita kati ya alama za mwanzo na mwisho huku muda ukihesabiwa, kisha ikageuka na kurudi. Mizunguko ilikuwa ya kwenda na kurudi kwa sababu ya mkondo wa maji: ukienda na maji unaweza kupata noti 28, ukirudi dhidi yake 24, na ukweli uko katikati. Aliyetangaza mzunguko mmoja tu alitangaza nguvu ya maji pamoja na ya injini.

Katika kazi ya kawaida hali ilikuwa tofauti kabisa. Injini za aina ile, zenye nguvu farasi zaidi ya 3,000, zilikula takribani kilo moja ya makaa kwa kila nguvu farasi kwa saa. Kwa mwendo wa juu hizo ni tani tatu au zaidi kila saa, zinazotupwa kwa sepetu. Meli ndogo isingeweza kubeba makaa ya kuendelea hivyo kwa muda mrefu, na wachochezi wasingeweza kuyatupa. Kwa hiyo destroya ilitembea polepole siku nyingi na kukimbia saa chache. Kila ikibeba makaa, risasi, maji na vyakula vya safari, noti kadhaa zilipotea kabla hata haijatoka bandarini.

Kazi ya miaka 18

Rekodi ya utumishi ya meli ina maneno yanayojirudia. Kuingizwa kazini maana yake imepewa nahodha na mabaharia na kupandisha bendera. Kuwekwa akiba maana yake iko bandarini, inatunzwa, ina watu wachache, na inaweza kuamshwa. Chini ya Fisher, kuanzia 1904 na 1905, meli za akiba ziliwekewa kiini cha mabaharia: wataalamu wanaoijua mitambo yake walibaki ndani daima, wengine wakaongezwa ilipohitajika. Kwa hiyo ukisoma kwamba destroya fulani ilikuwa akiba kwa miaka kadhaa, usidhani ilitelekezwa.

Havock iliishi maisha hayo katika maji ya nyumbani: mazoezi ya kikosi, mafunzo, matengenezo, akiba. Kulikuwa na watu 40 na zaidi ndani ya chombo chembamba ambacho katikati yote ilikuwa boila na injini. Vyumba vya kulala vilibanwa mbele na nyuma, unyevu ulitoka kwenye chuma, na mtikisiko wa injini haukukoma. Jeshi la majini lilijua hivyo, likawalipa mabaharia wa boti hizi posho ya ziada kwa ajili ya shida hizo.

Anayetaka mapigano ya destroya za awali aende kwa wadogo zake. Tarehe 17 Juni 1900, wakati wa uasi wa Boxer nchini China, destroya za noti 30 Fame na Whiting ziliteka destroya nne za Kichina kwenye mto huko Taku. Aliyeongoza Fame alikuwa Luteni Roger Keyes, baadaye admirali mashuhuri.

Bahari ilivyowafundisha

Sitaha ya mbele ya Havock ilikuwa ya mviringo, ikishuka pande zote mbili. Mafundi waliiita mgongo wa kasa. Wazo lilikuwa kwamba wimbi likipanda litateleza na kumwagika. Kwa kweli omo lilikuwa chini mno. Meli ilizama kwenye wimbi badala ya kulipanda, maji yakaja moja kwa moja hadi kwenye mzinga na kwa msukani. Nahodha aliyekabiliwa na bahari ya mbele alikuwa na njia moja: kupunguza mwendo. Yaani kitu pekee kilichoifanya meli hiyo iwe destroya kilipotea upepo ulipovuma.

Bati lake lilikuwa na unene wa milimita chache tu. Kutu ikila milimita moja ya bati jembamba namna hiyo, imekula sehemu kubwa ya nguvu ya meli. Mgongano uliokuwa wa kawaida kwa meli kubwa ulikuwa mauti kwa hizi: Decoy ilizama Agosti 1904 karibu na visiwa vya Scilly baada ya kugongana na destroya mpya Arun.

Swali la nguvu ya mwili lililipuka 1901. Uingereza ilikuwa imeanza kujaribu injini mpya za tabo (turbine), ambazo mvuke huzungusha mapanga badala ya kusukuma pistoni, kwenye destroya mbili, Viper na Cobra. Viper, iliyopita noti 36 kwenye majaribio, ilipasukia mwambani karibu na kisiwa cha Alderney tarehe 3 Agosti, katika ukungu. Wiki sita baadaye, tarehe 18 Septemba, Cobra ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Kaskazini. Watu 67 walikufa, wakiwamo mafundi wa kampuni ya Parsons iliyounda tabo zake. Walionusurika ni 12.

Wengi walizilaumu tabo, na hadi leo utalikuta dai hilo. Halina msingi. Viper iliuawa na ukungu na mwamba. Kuhusu Cobra, mahakama ya kijeshi iliona kwamba mwili wake ulikuwa dhaifu kuliko wa destroya nyingine. Tabo zenyewe zilikuja kutawala meli za kivita za dunia nzima ndani ya miaka michache.

Kamati ikaundwa, ikafanya jambo la kitaalamu kweli. Ilichukua destroya HMS Wolf, ikaiweka kwenye gati kavu na kuipima mwili. Kwanza ilishikiliwa katikati tu, maji yakatolewa taratibu, ncha zikabaki zinaning'inia kama meli iliyokalia kilele cha wimbi. Kisha ikashikiliwa kwenye ncha mbili, katikati pakiwa patupu, kama meli iliyo bondeni kati ya mawimbi mawili. Kila hatua, mvutano wa mabati ulipimwa. Wolf ilibeba mateso hayo bila kuvunjika, na kwa mara ya kwanza wahandisi walikuwa na vipimo vya chombo halisi kando ya hesabu za karatasi.

Jibu la masomo haya yote lilikuwa kundi la River, lililoanza kushuliwa 1903. Omo likainuliwa kuwa sitaha ya juu, mgongo wa kasa ukaondoka, uzito ukafika tani 550 hivi. Kasi ya mkataba ikashushwa hadi noti 25.5, lakini safari hii ikipimwa meli ikiwa na mzigo wake. Kwenye karatasi lilionekana kama kurudi nyuma, na wapo waliolalamika. Baharini, penye mawimbi, River iliweza kushika mwendo ambao destroya za noti 30 zililazimika kuuacha.

Mwisho wake, na majina yanayopotosha

Havock iliuzwa chakavu tarehe 14 Mei 1912. Miezi mitatu baadaye, Agosti 1912, Admiralty iliamua kuzipanga destroya zote kwa herufi: za noti 26 na 27 zikawa kundi A, za noti 30 zikagawanywa B, C na D kufuatana na idadi ya dohani, River zikawa E. Kwa hiyo ukisoma kwamba Havock ilikuwa destroya ya kundi A, jua kwamba herufi hiyo haikuwahi kuwa yake. Ilikuwa imeshaondoka.

Mchanganyiko mbaya zaidi ni wa majina, maana jeshi la majini la Uingereza huyarudia. HMS Havock iliyopigana Narvik Aprili 1940 ilishuliwa 1936, ikapotea Aprili 1942 baada ya kupanda mwamba karibu na Kelibia, Tunisia. Daring ya 1893, ndugu wa Havock, ina wajukuu wa jina, na wa karibuni ndiye aliyelipa jina kundi zima la HMS Diamond. Hata Racoon ya Unguja ina jina lake kwenye destroya halisi: Racoon ya pili, ya 1910, iligonga mwamba kwenye pwani ya kaskazini ya Ireland usiku wa Januari 1918, na wote waliokuwamo wakafa. Kuna waliounganisha hizi mbili wakapata destroya iliyopiga Zanzibar kisha ikazama Ireland.

Ukitaka kuhakikisha, angalia mambo matatu kabla ya kuamini ukurasa wowote: mwaka wa kushuliwa, uzito, na jina la karakana. Kwenye picha, tafuta namba ubavuni. H43 ni ya Havock ya 1936. Ya Yarrow ina mgongo wa kasa mbele na mzinga juu ya jukwaa dogo nyuma yake. Ukurasa unaoanza na tani 240 na kumalizia na Narvik umeshona meli mbili kuwa moja.